Shikamoo Mbele ya Picha

Kombo alishikwa na degedege Jumamosi baada ya adhuhuri, na dresa hakuwepo zahanati. Hilo ndilo lililotokea, na mengine yote yalitoka hapo.

Ilikuwa mwaka 1952. Siku hizo mtu aliyetibu katika zahanati ndogo aliitwa dresa. Yeye ndiye aliyefunga vidonda, aliyegawa dawa na kupiga sindano. Zahanati ya upande wa Dunda, mjini Bagamoyo, ilikuwa na dresa mmoja tu, Bwana Seleman, na ufunguo wa kabati la sindano ulikaa mfukoni mwake.

Asubuhi ya siku hiyo ilikuwa kama Jumamosi nyingine. Mzee Mwishehe, baba yake Kombo, aliondoka alfajiri kwenda Nunge kwenye mashamba ya chumvi. Mama yake, Zaina, alikaanga vitumbua. Dada yake, Adija, msichana wa miaka kumi na mmoja, alivipeleka kwa wateja, akarudi, akaosha kikaango, akakaa uani kuchambua mchele. Kombo alikuwa amelala kwenye mkeka mlangoni. Hakucheza. Alikuwa na homa tangu Alhamisi.

Bibi yao, Bi Tatu, alisema ni homa ya meno. Alimpaka mafuta ya nazi, akamfunga hirizi shingoni. Zaina alitaka kumpeleka mtoto zahanati Ijumaa, lakini Ijumaa kulikuwa na maulidi kwa jirani na yeye alikuwa miongoni mwa wapishi, basi akasema kesho. Kesho ilipofika akasema akimaliza vitumbua.

Kombo alikuwa na miaka miwili na ushee, ndiyo kwanza anaanza kusema. Adija ndiye aliyekuwa akimfundisha. Alimfundisha kuamkia watu, lakini mtoto hakuelewa nani anasema nini, basi alijiamkia na kujiitikia mwenyewe. Alikuwa akichuchumaa kizingitini, kila mtu akipita njiani anasema, "Chikamoo. Mahaba." Bi Tatu alicheka mpaka akafuta machozi, akasema mjukuu wake anawagawia mahaba wapita njia wote wa Dunda.

Adija mwenyewe alisifiwa kwa adabu, lakini adabu hiyo haikuja bure. Mwezi mmoja nyuma alitumwa kwa Bi Mwanabaraka kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Alimkuta amekaa kimya, tasbihi mkononi. Adija akasema shida yake palepale. Kumbe mama wa watu alikuwa katikati ya uradi wake wa baada ya sala. Bi Mwanabaraka alikuja kulalamika, na Zaina akamfinya Adija paja mbele ya wanawake wote waliokuwa kisimani. Akamwambia, "Mtu mzima akikaa kimya, nawe kaa kimya. Mwamkie, ungoje. Akikuitikia ndipo useme kilichokuleta." Tangu siku hiyo Adija hakuhitaji kuambiwa tena.

Sasa basi, muadhini alikuwa ameshaadhini adhuhuri na watu wametoka msikitini, Zaina akasikia mkeka unakwaruza. Alipogeuka alimwona Kombo anatikisika mwili mzima. Macho yalikuwa yamegeuka meupe, meno yamekazana, povu linatoka pembeni mwa mdomo. Bi Tatu alipiga kelele waletewe makaa na mavi ya tembo wamfukize mtoto. Zaina alimpakata Kombo, akamtazama binti yake.

"Kamlete dresa," alisema. "Mwambie Kombo ana degedege, aje na sindano. Kimbia."

Adija alikimbia. Alikimbia bila viatu, kanga imefungwa kiunoni, akapita njia ya mkato nyuma ya nyumba za mawe, akafika zahanati anahema. Mlango ulikuwa umefungwa. Mzee aliyekuwa akifagia uwanja alimwambia kwamba leo Jumamosi, zahanati imefungwa mapema, na Bwana Seleman yuko shuleni kwenye picha za watu.

Kila mtu mjini alikuwa amesikia habari ya picha za watu. Mwalimu mmoja mwanamke wa Kizungu alikuwa ameleta mchezo huo. Kwao, alisema, kuna picha zilizochorwa zamani ambazo kila mtu anazijua. Yeye huwavika watu nguo kama za kwenye picha, akawasimamisha ndani ya fremu kubwa ya mbao, na watu hao hukaa vilevile bila kusogea hata kidole, mpaka mtazamaji asahau kwamba wana roho. Gramafoni hupigwa. Santuri ikiisha, pazia hufungwa. Watu wa Bagamoyo walicheka waliposikia, kisha wakaenda wote kutazama.

Adija aliukuta uwanja wa shule umejaa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake na watoto kwenye majamvi. Mbele kulikuwa na fremu yenyewe, kubwa kama mlango wa ghala, imepakwa rangi ya dhahabu. Ndani yake walikuwa wanawake watatu wameinama wakiokota masuke yaliyobaki shambani. Mmoja alikuwa Bi Fatu, jirani yao. Adija alipita nyuma ya mabenchi akitafuta kichwa cha Bwana Seleman miongoni mwa watazamaji. Hakukiona.

Mtu mmoja kwenye benchi alisema, "Fatu, shambani kwako Zinga hujapata kuinama hivyo hata siku moja."

Watu waliangua kicheko. Mabega ya Bi Fatu yalitikisika, masuke yakamtoka mkononi. Yule mwalimu wa Kizungu aliinuka uso umemwiva, akafunga pazia kabla ya santuri kuisha. Mwalimu Mbaruku, aliyekuwa akieleza picha kwa Kiswahili, alisimama mbele ya watu. Aliwaambia kwamba wanauaibisha mji. Alisema mtu atakayefungua mdomo tena picha ikiwa wazi atatolewa nje, na mchezo utakuwa umekwisha kwa kosa lake. Watu walinyamaza kweli. Adija naye alisimama pale alipokuwa, mkono mdomoni.

Pazia likafunguliwa tena, na hapo akamwona.

Bwana Seleman alikuwa ndani ya fremu. Amevaa koti jeusi refu, amebandikwa ndevu za pamba, amekaa kitini kidevu kimeegemea mkono. Mbele yake msichana wa shule alikuwa amelazwa juu ya viti viwili vilivyounganishwa, kajifanya mgonjwa, mkono mmoja umening'inia. Nyuma yao mwanamume na mwanamke walisimama kama wazazi waliokata tamaa. Bwana Seleman alimtazama yule mtoto na hakupepesa macho.

Mwalimu Mbaruku alieleza kwa sauti ya chini kwamba huyu ni tabibu aliyekesha na mtoto wa maskini. Dawa zake zimekwisha, lakini hakumwacha mgonjwa wake. Picha hii, alisema, inapendwa kuliko nyingi huko Ulaya. Watu walitikisa vichwa kwa huruma.

Adija moyo ulimtulia. Alikuwa ameshampata. Alipita pembeni mwa majamvi mpaka mbele kabisa, akasimama chini ya fremu, karibu kiasi cha kuweza kumgusa goti. Akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, Bwana Seleman."

Hakujibiwa. Santuri iliendelea kulia. Adija alidhani ameamkia kwa sauti kubwa mno, akaamkia tena kwa sauti ndogo. Jicho la Bwana Seleman liligeuka kidogo, likamwona, kisha likarudi kwa mtoto wa kwenye viti. Mdomo wake haukufunguka.

Kijana mmoja nyuma alinong'ona, "Anaamkia picha huyo." Mwenzake akamjibu, "Mwache angoje iitike." Kicheko kikapita chinichini.

Mwalimu Mbaruku alikuja kwa kunyata. Adija alimgeukia kwa matumaini, akamwamkia naye. Mwalimu aliweka kidole mdomoni, akamshika bega, akamkalisha kwenye jamvi la mbele. Hakusema marahaba. Hakuuliza ana nini. Akarudi mahali pake.

Shikamoo zilikuwa tatu, na marahaba haikuja hata moja.

Adija alikaa. Maneno yote yalikuwa mdomoni: Kombo, degedege, sindano. Yalikuwa matatu tu na yalikuwa tayari. Lakini mtu mzima aliye mbele yake alikuwa kimya, na paja lake lilikumbuka vidole vya mama yake. Aliona akisema sasa atakuwa yule yule Adija wa Bi Mwanabaraka, mtoto asiyefundishika, na safari hii mbele ya mji mzima. Akajiambia kwamba santuri itakwisha sasa hivi. Akatia ncha ya kanga mdomoni, akaiuma.

Santuri iliisha. Sindano ya gramafoni ikabaki inakwaruza, pazia likafungwa. Adija aliinuka. Lakini watu walikuwa wamependa. Walipiga makofi, wakapiga tena, wengine wakasimama, na yule mwalimu wa Kizungu, ambaye dakika chache nyuma alikuwa amekasirika, sasa alicheka kwa furaha na kuinua kidole: mara moja zaidi. Gramafoni ilizungushwa mpini. Adija hakuwa amepiga hatua tatu pazia likafunguliwa, na Bwana Seleman alikuwa palepale, kidevu mkononi, ndevu za pamba zimetulia.

Adija akakaa tena. Sasa alikuwa akilia, lakini bila sauti. Mwanamke aliyekaa kando yake alimwona, akamgusa mkono, akamnong'oneza kwamba asilie, ni mchezo tu, yule mtoto haumwi.

Nzi alitua kwenye mkono wa yule msichana aliyelala. Kidole kilicheza. Kikacheza tena, na mkono mzima ukaruka kidogo kumfukuza nzi. Watu waliguna. Adija aliutazama mkono ule unaning'inia na kurukaruka, akaona mkono wa Kombo.

Alisimama. Hakuamkia mtu.

"Kombo anakufa," alisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Mdogo wangu ana degedege. Mama anataka sindano."

Picha ilivunjika. Bwana Seleman aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake, akaruka nje ya fremu na koti lake refu. Hakumtazama mwalimu wa Kizungu wala mtu mwingine. Alimshika Adija mkono wakakimbia.

Ufunguo wa kabati ulikuwa kwenye koti lake mwenyewe, na koti hilo lilikuwa limetundikwa darasani alikobadilishia nguo. Darasa lilikuwa limefungwa ili nguo za watu zisiibwe. Ikabidi atafutwe aliyefunga. Kisha zahanati, kisha kabati, kisha mkoba. Njiani kwenda nyumbani Bwana Seleman aliuliza, akikimbia, mtoto ameanza lini. Adija akamwambia. Aliuliza tena, "Uliponiamkia mara ya kwanza, kwa nini hukusema?"

"Hukuniitikia," Adija alijibu.

Bwana Seleman aliongeza mbio.

Walikuta chumba kimejaa moshi na wanawake. Kombo hakuwa akitikisika tena. Alikuwa amelegea mapajani mwa mama yake, midomo imekuwa ya kijivu, anapumua kwa kukoroma. Bi Tatu alipoona mtu mwenye ndevu nyeupe na joho jeusi anaingia, alisema shahada, akidhani aliyekuja si binadamu. Bwana Seleman alitoa chetezo nje, akafungua dirisha, akawaomba wanawake watoke. Alipiga sindano ya kwinini. Alimvua mtoto nguo, akamwambia Zaina alete maji na kitambaa amfute mwili, na aendelee kumfuta bila kuacha. Ndevu zilikuwa zinamwangukia mdomoni kwa jasho, akazing'oa na kuzitupa uvunguni.

Mzee Mwishehe alirudi jioni, miguu myeupe kwa chumvi, akakuta watu mlangoni kwake. Aliwaza kwamba wamekuja kuzika. Alishika mwimo wa mlango, hakuweza kuingia, mpaka Bi Tatu alipotoka na kumwambia mtoto anapumua.

Bwana Seleman hakuondoka. Usiku ule alikaa kitini kando ya mkeka wa Kombo, kidevu mkononi, akimtazama. Adija alimwona hivyo, na hakuna aliyepiga makofi.

Jumapili asubuhi homa ilishuka. Jumatatu Kombo alikunywa uji. Siku zilizofuata aliketi, akatambaa kama mtoto mchanga, kisha akasimama. Zaina alichinjisha kuku wa shukrani. Watu walikuja kupongeza, wakamsifu Adija kwamba amemwokoa mdogo wake.

Ni Adija aliyegundua. Alitoka kisimani, akamkuta Kombo amechuchumaa kizingitini amempa mgongo. Akamwita. Hakugeuka. Akamwita tena, karibu zaidi. Akaweka ndoo chini, akachukua mfuniko wa sufuria na mwiko, akagonga nyuma ya kichwa cha mtoto. Kuku uani walikimbia. Kombo aliendelea kuchora mchanga kwa kidole.

Baba yake alimwita Bwana Seleman. Dresa alikuja, akapiga makofi nyuma ya masikio ya Kombo, akachungulia ndani yake kwa taa, akakaa kwenye mkeka. Alisema anaweza kuandika kwa daktari wa Dar es Salaam, lakini haoni kama kuna dawa. Homa ya aina ile ikipanda kichwani huharibu masikio. Na kwinini nyingi huharibu masikio, na yeye ilimbidi atoe nyingi kwa sababu alichelewa.

Adija alikuwa amesimama pembeni. Aliuliza, kama angesema mara ile ya kwanza, Kombo angesikia?

Zaina alitaka kumnyamazisha. Bwana Seleman alimzuia. "Sijui," alisema. "Labda ingekuwa hivi hivi. Labda sivyo. Nikikwambia ninajua nitakuwa ninakudanganya." Kisha akasema, "Lakini mimi nilikusikia, Adija. Niliyaona macho yako. Nilijua mtoto wa Mwishehe hawezi kuja kunichezea. Nilibaki kimya kwa sababu picha ilikuwa nzuri na watu walikuwa wananitazama. Wewe ulikuwa mtoto. Mtu mzima pale nilikuwa mimi."

Mzee Mwishehe alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwita binti yake akae mbele yake.

"Nisikilize," alisema. "Salamu ni kitu kizuri, na sitaki uiache. Lakini salamu ni kwa mtu mwenye nafasi. Nyumba ikiungua huanzi kwa shikamoo. Mtu akiwa anakufa, kitaje kifo kwanza, hata kama unayemwambia anaswali, hata kama ni liwali. Atakayekuita huna adabu, mlete kwangu." Alimgeukia mke wake na mama yake. Hakupandisha sauti. "Nasi tuliokuwa wazima tulikuwa na siku tatu. Mtoto alikuwa na homa Alhamisi. Ijumaa tulikuwa na maulidi, Jumamosi tulikuwa na vitumbua, na mimi nilikuwa na chumvi. Homa ya mtoto mdogo hupelekwa zahanati siku hiyo hiyo. Tulimtuma huyu akimbie njia ambayo sisi tulikuwa na siku tatu za kuitembea."

Zaina alijifunika uso kwa kanga. Bi Tatu alisema hakika. Bwana Seleman aliinuka, akaaga, na tangu siku hiyo hakufunga zahanati bila kubandika mlangoni karatasi inayosema yuko wapi, wala hakukaa tena ndani ya fremu.

Adija aliendelea kuamkia watu wa Dunda kama kawaida. Lakini mwaka uliofuata, mtoto wa Bi Mwanabaraka alipoumwa na nyoka, Adija ndiye aliyeingia msikitini na kupaza sauti watu wakiwa wamekaa kumsikiliza imamu, na mtoto yule aliwahi sindano. Hakuna aliyemlaumu.

Kombo alikua, akawa mtoto mwenye nguvu. Maneno aliyokuwa ameyajua kabla ya ile Jumamosi hayakumtoka kwa siku moja. Yalimtoka moja moja, kwa kuwa hakuyasikia tena, na Adija alikuwa akiyahesabu kila yalipopungua. Moja lilidumu kuliko mengine. Miezi kadhaa baadaye bado alichuchumaa kizingitini na kulisema kwa wapita njia, kila siku kwa sauti iliyopinda zaidi, mpaka asubuhi moja walipita na yeye akawatazama tu.

Kilichopotea ni hiki. Masikio mawili. Maneno manane: mama, baba, bibi, Dija, maji, paka, chikamoo, mahaba.